Mbwa aliyeandikishwa jeshini na wapagazi waliosahaulika

KALEMIE. Moja ya mashua mbili za kivita ambazo Waingereza walizishusha majini hapa Kalemie mwezi Desemba 1915 ilikuwa na jina la mbwa. Iliitwa Toutou, neno ambalo watoto wa Kifaransa hulitumia kumwita mbwa. Mwenzake iliitwa Mimi, yaani paka. Mtu wa Zongwe au wa Kalemie mjini akisikia leo kwamba Waingereza waliligombea ziwa kwa "Mimi na Toutou" anaweza kudhani anatolewa hadithi ya kulaza watoto. Lakini ndivyo majina hayo yalivyoandikwa katika vitabu vya Jeshi la Majini la Uingereza.

Aliyeyachagua ni kamanda wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson. Kwanza alipendekeza mashua hizo ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza chao. Wakubwa wake huko London wakakataa, wakiona majina hayo hayalingani na heshima ya jeshi. Akarudi na majina ya Kifaransa yenye maana ileile, nayo yakapita.

Hilo lilikuwa jina tu, mzaha wa ofisa mmoja aliyependa vituko. Miaka 24 baadaye jeshi hilohilo la majini lilimwandikisha mbwa wa kweli, mwenye miguu minne na mkia, likampa cheo, chakula cha serikali na ruhusa ya kupanda treni bure. Alikula nini, alilala wapi, alikosa nini na aliadhibiwa vipi, yote yaliandikwa na kutunzwa. Watu walioivuta Toutou kupitia milima ya Katanga hadi kwenye ziwa hili hawakuandikwa hivyo.

Njia ya Toutou

Mashua zile ziliondoka London Juni 1915 zikiwa juu ya meli ya abiria. Zilikuwa ndogo, urefu wa mita 12 hivi kila moja, zenye mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Kazi yake ilikuwa moja: kuwaondoa Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo wakati huo walilitawala kwa meli zao Hedwig von Wissmann na Kingani, huku Graf von Götzen, kubwa kuliko zote, ikiingia kazini mwaka huohuo.

Julai zilifika Cape Town, kusini kabisa mwa Afrika. Hapo zilipakiwa kwenye treni hadi Fungurume, Katanga, ambako reli iliishia. Kuanzia Agosti zilivutwa nchi kavu kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupitia milima ya Mitumba. Barabara haikuwapo. Ilikatwa na mamia kwa mamia ya vibarua wa Kikongo, walioangusha miti, wakapasua mawe na kujenga madaraja zaidi ya 100 ya magogo. Maji ya kutia kwenye matrekta yalipokosekana, yaliletwa kwa vichwa vya watu, na wanawake walikuwamo. Mwishoni mwa Septemba mashua zikafika Sankisia, zikachukuliwa kwa reli fupi hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapanda treni nyingine iliyozileta ziwani mwishoni mwa Oktoba.

Tarehe 26 Desemba 1915, Mimi na Toutou ziliikimbiza Kingani na kuiteka baada ya mapigano mafupi ambayo kamanda wake wa Kijerumani aliuawa. Waingereza wakaipa jina Fifi. Februari 9, 1916, Fifi na Mimi zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen haikupigana nazo kamwe. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na ndiyo MV Liemba ambayo wazee wengi wa ziwa hili wamewahi kuipanda.

Waholoholo wa Kalemie walimwita Spicer-Simson "Bwana Chifunga-tumbo", kwa ajili ya kile kisketi alichopenda kukivaa badala ya suruali. Jina lake la utani limebaki kwenye vitabu. Ya Waholoholo waliomwita hivyo hayakubaki.

Mbwa wa Simon's Town

Turudi Cape Town, pale mashua zilipoteremkia. Karibu kilomita 40 kusini mwa mji huo, mwisho wa reli, kuna mji mdogo wa bandari uitwao Simon's Town, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kambi kuu ya Jeshi la Majini la Uingereza kusini mwa Afrika. Ndiko aliko­ishi mbwa wetu.

Alikuwa wa aina ya Great Dane, wale mbwa warefu ambao mgongo wake hufika kiunoni kwa mtu mzima. Alizaliwa Aprili 1, 1937, Rondebosch, kitongoji cha Cape Town. Mwenyewe, Benjamin Chaney, alihamia Simon's Town kusimamia nyumba ya mapumziko ya wanajeshi, na mbwa akaenda naye. Mabaharia walimpenda tangu siku za mwanzo. Walimpa vipande vya nyama na andazi za nyama, wakamtoa matembezi, na yeye akawa anawafuata hadi bandarini na kupanda meli zao zilizofunga gatini.

Mahali alipopapenda zaidi palikuwa juu ya ubao wa kupandia meli ya HMS Neptune. Alijilaza hapo apate jua. Kwa ukubwa wake, akishalala hakuna aliyepita, awe baharia mwenye gunia begani au ofisa mwenye haraka zake. Wakamwita Nuisance, yaani Kero.

Siku yake ya kawaida ilianza kambini na mara nyingi iliishia mbali na kambi. Mabaharia wenye likizo walipanda treni kwenda Cape Town, naye alipanda nao. Makondakta walimshusha kituo kinachofuata. Alisubiri treni nyingine, akapanda tena. Wakati mwingine abiria waliokuwa na huruma walijitolea kumlipia nauli. Huko mjini aliwafuata mabaharia kwenye baa, akanywa bia aliyopewa, na baa zilipofungwa aliwasindikiza waliolewa hadi kituoni na kisha kambini. Kwa jeshi lililohofia mabaharia wake kupotea usiku kwenye vichochoro vya mji wa bandari, mbwa aliyejua njia ya kurudi hakuwa jambo dogo.

Shirika la reli halikuona hivyo. Lilimwonya Chaney mara kadhaa: amuuze mbwa, au amzuie kupanda treni, au amlipie nauli, la sivyo atauawa. Habari zilipowafikia mabaharia na wakazi, barua za kumtetea zikamiminika kwa wakuu wa jeshi. Hapo ndipo afisa mmoja mwenye akili ya karani alipoona mlango: mwanajeshi aliyejitolea vitani hupanda treni bure. Basi mbwa awe mwanajeshi.

Agosti 25, 1939, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Pili, aliandikishwa rasmi. Fomu ilidai jina la kwanza, na jina lake lilikuwa moja tu. Wakaandika "Just". Akawa Just Nuisance, ambalo kwa Kiswahili tungesema Kero Tu. Mahali pa kazi yake ya zamani waliandika mvunja mifupa. Mahali pa dini wakaandika mdoezi, kisha baadaye mtu mmoja akaona hilo linamvunjia heshima, likabadilishwa likaandikwa dhehebu la kubuni la mbwa. Alipimwa na daktari akaonekana anafaa kazi. Aliyetakiwa kutia saini akatia alama ya unyayo.

Ni mbwa pekee aliyewahi kuandikishwa rasmi katika Jeshi la Majini la Uingereza. Baadaye alipandishwa cheo kutoka baharia wa kawaida kuwa baharia mwenye uzoefu, na sababu yake haikuwa ushujaa. Cheo kile kilimpa haki ya kupata chakula kutoka stoo ya jeshi.

Makosa na adhabu

Mbwa mwenye cheo ana wajibu, na faili la Just Nuisance halikuwa safi. Alishtakiwa kwa kusafiri bila kuwa na pasi yake ya treni. Alishtakiwa kwa kutoroka kambini, kwa kupoteza mkanda wa shingoni na kwa kukataa kutoka baa wakati wa kufunga. Alikutwa amelala kwenye kitanda katika bweni la wakubwa wake, kosa ambalo lingemtia baharia yeyote matatani. Adhabu yake iliyokumbukwa zaidi ni kunyimwa mifupa kwa siku saba.

Palikuwa na kosa ambalo halikuwa la kuchekesha. Meli nyingi zilizotia nanga Simon's Town zilikuwa na mbwa wake, na Just Nuisance hakuwavumilia. Aliwaua angalau wawili kwa kupigana nao. Wanaosimulia maisha yake kwa watalii huipitia sehemu hii kwa haraka.

Baharini kwenyewe hakwenda hata mara moja. Kazi zake zilikuwa za nchi kavu: kusindikiza mabaharia, kukaa nao, kupigwa picha, kuhudhuria sherehe za kuchangisha fedha za vita. "Alifungishwa ndoa" na jike wa aina yake aitwaye Adinda mbele ya umati wa watu. Wakapata watoto watano, na wawili kati yao, Victor na Wilhelmina, walipigwa mnada mjini Cape Town ili kuchangia mfuko wa vita.

Kwa wengi wetu kandokando ya ziwa, mbwa ni mlinzi wa uani au mwenzi wa mwindaji. Hulala nje na hula kilichobaki. Mbwa kwenye kitanda cha msajini, tena akiwa na kesi ya kujibu, ni habari ya ajabu. Majeshi ya Ulaya, hata hivyo, yana desturi hiyo tangu zamani. Mnyama wa kikosi hana kazi ya kunusa mabomu wala kukamata wezi. Yupo ili askari aliye mbali na kwao awe na kitu cha kukipapasa kichwani, cha kukicheka na cha kukitunza. Baharia wa miaka 19 aliyetoka Liverpool, asiyejua kama meli yake ya wiki ijayo itarudi, alihitaji hilo kuliko alivyoweza kukiri.

Karatasi ndiyo mkate

Tofauti kubwa haiko kati ya mnyama anayependwa na asiyependwa. Iko kati ya aliyeandikwa na asiyeandikwa. Kikosi cha Irish Guards cha Uingereza kimekuwa na mbwa wake mkubwa wa Kiayalandi tangu 1902, lakini ni mwaka 1961 tu ndipo mbwa huyo alipotambuliwa rasmi. Tangu hapo akawa anatibiwa na daktari wa mifugo wa jeshi na kulishwa kwa fedha za umma. Kabla ya hapo gharama hiyo ilikuwa ya wenyewe kikosini.

Karatasi hiyo hukata pande mbili. Mwaka 2006 huko Cyprus, beberu wa kikosi cha Kiwelisi aitwaye William Windsor alikataa kufuata mwendo kwenye gwaride la siku ya kuzaliwa kwa Malkia Elizabeth, akajaribu kumpiga pembe mpiga ngoma. Alishushwa cheo kutoka koplo mdogo kuwa askari wa kawaida, na askari wa chini hawakulazimika tena kumsimamia kwa heshima. Alirudishiwa cheo baada ya miezi mitatu ya tabia njema.

Kwa Just Nuisance karatasi ilikuwa uhai wenyewe. Bila kuandikishwa angeuawa kwa amri ya shirika la reli. Kwa kuandikishwa akala, akatibiwa, na alipokufa akazikwa kama mwanajeshi. Aligongwa na gari, damu ikaganda kwenye mishipa na miguu ikaanza kupooza polepole. Januari 1, 1944 aliachishwa kazi. Aprili 1 mwaka huo, siku aliyotimiza miaka saba, alipelekwa hospitali ya jeshi akalazwa usingizi wa mwisho. Kesho yake alizikwa Klaver, juu ya mlima unaoitazama bandari, akiwa amefunikwa bendera nyeupe ya jeshi la majini. Risasi za heshima zilipigwa na tarumbeta ikalia.

Mwaka 1985 sanamu yake ya shaba, kazi ya mchongaji Jean Doyle, iliwekwa katika uwanja wa Jubilee, Simon's Town. Bado ipo. Amelala kifudifudi kichwa juu, kofia ya baharia kando yake, na watoto hupanda mgongoni kupigwa picha.

Sanamu ile iliwekwa katika mji ambao miaka 18 kabla yake, mwaka 1967, serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ilikuwa imeutangaza kuwa wa weupe pekee. Maelfu ya wakazi wake, wengi wao familia zilizofanya kazi bandarini kwa vizazi, walihamishwa kwa nguvu. Na katika miaka ileile ambayo mbwa alikuwa na cheo, Waafrika weusi waliojiunga na jeshi la Afrika Kusini kupigana na Hitler walipewa mikuki na rungu za kulindia, kwa kuwa serikali haikutaka mtu mweusi ashike bunduki.

Hakuna kosa la mbwa hapo. Yeye alipenda jua na nyama. Lakini mtu anayeisoma habari yake akiwa Kalemie hawezi kuacha kuuliza walioivuta mashua yenye jina la mbwa waliandikwa wapi.

Waliobeba

Vita ya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki ilipiganwa kwa vichwa na mabega ya watu. Malori yalikuwa machache, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, hivyo chakula na risasi vilibebwa na wapagazi. Waingereza peke yao walitumia takriban milioni moja wakati wote wa vita, na wanahistoria wanakadiria kwamba karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wabelgiji nao waliwakusanya kwa maelfu kutoka upande huu wa ziwa waliposonga mbele kuelekea Tabora, waliyoiteka Septemba 1916. Wajerumani waliwakamata wao huko walikopita.

Kilichobaki cha wapagazi wa Waingereza katika lugha yetu ni jina la soko. Kariakoo ya Dar es Salaam imetokana na jina la kikosi chao kwa Kiingereza, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Katika miji hiyo miwili kuna pia sanamu za shaba za askari zilizowekwa miaka ya 1920, nzuri kuzitazama, lakini hazina jina la mtu hata mmoja. Askari yule wa Dar es Salaam ni askari wote kwa pamoja, maana yake si yeyote.

Haikuwa bahati mbaya. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ilionyesha kuwa ubaguzi ulikuwa sehemu ya maamuzi yale. Maofisa wa kikoloni walidai Waafrika hawangeelewa maana ya jiwe la kaburi. Huko Tanganyika, utawala uliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Uingereza iliomba radhi bungeni.

Tangu ripoti ile, tume imekuwa ikipekua madaftari ya zamani ya Nairobi, London na Pretoria kutafuta majina. Baadhi yalikuwapo muda wote, yamelala kwenye makabati. Januari 2025, katika bustani ya Company's Garden katikati ya Cape Town, Binti Mfalme Anne wa Uingereza alizindua mnara wa Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita ile wakiwa wabebaji, wajenzi wa reli na madereva wa mikokoteni, wengi wao huku Afrika Mashariki, bila makaburi yanayojulikana.

Mnara huo hauna sanamu. Ni nguzo za mbao za mvule zilizosimamishwa wima kama umati wa watu, kila nguzo na jina la mtu mmoja na tarehe aliyofariki. Mtu anayetoka hapo anaweza kutembea hadi kituo kikuu cha Cape Town na kuifuata reli ileile ya Simon's Town hadi kwenye sanamu ya mbwa. Kwa vibarua waliokata njia ya Mitumba mwaka 1915, nguzo bado hazijasimamishwa, si Fungurume, si Sankisia, wala Kalemie.